Shule ya St. Patrick's, Iten: Masomo, Mbio na Wahitimu Wake

Shule ya Upili ya Wavulana ya St. Patrick's iko Iten, mji mdogo wa nyanda za juu katika Kaunti ya Elgeyo-Marakwet nchini Kenya, ukingoni kabisa mwa Bonde la Kerio. Ni shule ya bweni ya Kikatoliki iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na Mabruda wa Mtakatifu Patrick, shirika la kitawa kutoka Ireland. Kuanzia miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanafunzi wake walitamba katika mbio za masafa ya kati na marefu kwa kiwango ambacho ni vigumu kukiona katika shule nyingine yoyote ya upili. Miongoni mwa waliokalia madawati yake wamo mabingwa wa Olimpiki, bingwa mara tatu wa dunia na Mwafrika wa kwanza kushinda mbio za marathoni za New York.

Mji wenyewe uko kwenye kimo cha mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, mwendo wa zaidi ya kilomita 30 kutoka Eldoret. Upande wa mashariki ardhi inakatika ghafla; bonde liko zaidi ya mita elfu moja chini, na joto lake halifanani hata kidogo na baridi ya asubuhi ya kule juu. Upande wa magharibi kuna mashamba ya mahindi na viazi, malisho ya ng'ombe wa maziwa, na barabara za udongo mwekundu zinazopanda na kushuka bila kuchoka. Wenyeji ni Wakeiyo na Wamarakwet, jamii za Kikalenjin, lakini shule ilipokea pia wavulana wengi kutoka Nandi na sehemu nyingine za Bonde la Ufa.

Elimu ya kizungu iliingia eneo hilo kwa milango kadhaa. Serikali ya kikoloni ilikuwa na shule yake Tambach, yalipokuwa makao makuu ya wilaya, chini kidogo ya Iten kwenye mteremko wa bonde. Wamisionari wa Kiprotestanti wa Africa Inland Mission walikuwa wamejikita Kapsowar na kwingineko. Kanisa Katoliki lilichelewa kupata nguvu huko. Mambo yalibadilika mwaka 1953, sehemu hiyo ilipotengwa na Kisumu na kufanywa eneo la kanisa linalojitegemea lenye makao yake Eldoret, chini ya mapadri wa Kiltegan kutoka Ireland. Mwaka 1959 Eldoret ikawa jimbo kamili. Jimbo jipya lilihitaji shule, na shule zilihitaji walimu, kwa hiyo si ajabu kwamba Waireland waliwageukia Waireland wenzao.

Mabruda wa Mtakatifu Patrick walianzishwa mwaka 1808 katika mji wa Tullow na Askofu Daniel Delany. Kabla ya hapo, sheria za Waingereza zilikuwa zimewabana Wakatoliki wa Ireland kwa muda mrefu, na watoto wa wakulima maskini walikua bila elimu wala katekisimu. Delany alitaka kikosi cha watawa ambao si mapadri, ambao kazi yao ya kila siku ingekuwa kufundisha. Shirika hilo baadaye lilipeleka walimu India na Australia, kisha Kenya. Jambo hili lina uzito katika historia ya Iten: Bruda haitwi kwenda kuongoza parokia, hana ibada ya kuendesha vijijini siku ya Jumapili kama padri. Anaishi ndani ya uwanja wa shule, anakula karibu na wanafunzi, na akiwa na moyo na kazi hiyo, saa zake zote ni za shule.

Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963 ilikuwa na shule za upili 151 tu. Nafasi ya kuingia kidato cha kwanza ilikuwa mali adimu, na kijana aliyeipata alibeba matumaini ya ukoo mzima. Tume ya Ominde, iliyoketi mwaka 1964, ilitaka elimu iwe chombo cha taifa jipya na si cha madhehebu. Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 ikaweka mpango uliodumu kwa miongo mingi: serikali ilichukua mitaala, mitihani na mishahara ya walimu, nayo makanisa yakabaki na hadhi ya mdhamini, yaani haki ya kulinda mapokeo ya kidini ya shule na kusikilizwa katika uongozi wake. St. Patrick's iliingia katika mpango huo. Kwa hiyo mvulana wa Iten aliketi kwenye mitihani ileile ya taifa kama mwenzake wa Nairobi au Mombasa, huku siku yake ikianza na kumalizika kwa sala za Kikatoliki.

Siku ya shule ya bweni ya aina hiyo inajulikana kwa kila Mkenya aliyepitia bwenini. Kengele hupigwa alfajiri, giza likiwa bado zito. Kuna kuosha uso kwa maji baridi, kufagia, uji, paredi, kisha masomo hadi alasiri. Baada ya hapo michezo, halafu chakula cha jioni cha ugali au githeri, kisha kipindi cha kujisomea usiku hadi taa zizimwe. Viranja husimamia usafi na utulivu. Mwalimu wa zamu hupita na tochi. Ratiba hiyo haikubuniwa kwa ajili ya mbio. Lakini ukiitazama kwa jicho la mkufunzi wa riadha, ina karibu kila kitu anachokitafuta: usingizi wa saa zinazojulikana, chakula cha kawaida kisicho na mafuta mengi, mazoezi wakati uleule kila siku, wenzako wa kushindana nao, na mtu mzima wa kuangalia kama umefika. Watu wengi hueleza ushindi wa Wakenya kwa kimo cha milima na hewa nyepesi. Hewa hiyo ilikuwapo karne zote. Kilichokuja katika miaka ya 1960 ni kengele, bweni na mwalimu, na bila hivyo maelezo ya mafanikio ya Iten hayakamiliki.

Kabla ya hapo wanariadha wakubwa wa Kenya walitoka hasa katika majeshi. Kipchoge Keino, bingwa wa mita 1,500 wa Mexico mwaka 1968, alikuwa polisi; Naftali Temu, aliyeshinda mita 10,000 katika michezo hiyohiyo, alikuwa mwanajeshi. Kijana mwenye mbio aliajiriwa, akapewa sare na mshahara, ndipo akafunzwa. Shule zilikuwa na mashindano yake ya ngazi kwa ngazi, kuanzia tarafa, wilaya na mkoa hadi taifa, lakini ni chache zilizoyachukulia kwa uzito mwaka mzima. Kwa kawaida mwalimu wa michezo alikusanya timu wiki chache kabla ya mashindano, akachagua waliokimbia vizuri siku ya mchujo, na mambo yakaishia hapo.

St. Patrick's ilianza kuachana na mtindo huo chini ya Peter Foster, mwalimu wa kujitolea kutoka Uingereza. Foster aliijua riadha kwa karibu: ndugu yake, Brendan Foster, alishinda shaba ya mita 10,000 katika Olimpiki ya Montreal mwaka 1976. Mwaka huohuo alifika Iten Bruda kijana mwenye umri wa miaka 28, Colm O'Connell, mzaliwa wa Kaunti ya Cork, aliyekuja kufundisha jiografia. Foster alimwomba amsaidie uwanjani. Muda si mrefu Foster akarudi kwao, na kazi yote ikamwangukia mgeni ambaye hakuwa na cheti cha ukufunzi wala historia yoyote ya kukimbia.

Hali hiyo huenda ndiyo iliyokuwa bahati ya shule. Mtu aliyesomea ukufunzi Ulaya wakati ule angekuja na daftari la vipimo na kuwalazimisha wavulana walifuate. Bruda Colm hakuwa na daftari. Alikuwa na saa ya mkononi, uwanja wa nyasi na wavulana waliokuwa wamezoea kutembea na kukimbia vilimani tangu utotoni. Alianza kwa kuwatazama. Aliwauliza walivyojisikia baada ya zoezi, akaona ni nani anayekimbia kwa wepesi na ni nani anayejikaza mabega, akajaribu hili, akaacha lile. Njia aliyoijenga kwa miaka mingi imekuja kujulikana kwa mambo mawili. La kwanza ni subira: wavulana hawakutwishwa kilomita nyingi, na mbio za taratibu zilipewa heshima sawa na mbio za kasi. La pili ni umbo la mwili katika mwendo.

Mazoezi yake ya umbo yanastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu mgeni anayeyaona mara ya kwanza hudhani si mazoezi ya wakimbiaji wa kimataifa. Vijana hujipanga mstari kwenye nyasi. Wanaanza kwa kutembea kwa ncha za vidole, mikono ikiwa imelegea. Kisha wanainua magoti kwa hatua fupifupi, wakienda mbele polepole kuliko mtu anayetembea. Kisha wanakimbia kwa pamoja, bega kwa bega, kwa mwendo mmoja, hata mlio wa viatu usikike kama wa mtu mmoja. Mkufunzi anasema kidogo: shingo, viwiko, kifua. Kijana anayejitokeza mbele ya mstari hurudishwa. Lengo ni kwamba katika mzunguko wa mwisho wa mashindano, mapafu yanapowaka na miguu kuwa mizito, mwili uendelee kukumbuka mwendo wake bila kuamriwa.

Wakati wenyewe haukuwa mzuri kwa mwanariadha wa Kenya. Mwaka 1976 nchi ilisusia Olimpiki ya Montreal pamoja na mataifa mengine ya Afrika, kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu ya raga Afrika Kusini ya makaburu. Mwaka 1980 ikasusia Moscow kufuatia uvamizi wa Wasovieti nchini Afghanistan. Kizazi kizima kilipoteza nafasi mbili mfululizo. Mlango uliobaki wazi ulikuwa wa vyuo vikuu vya Marekani, vilivyotoa ufadhili wa masomo kwa wakimbiaji. Hapo ndipo darasa na uwanja vilipokutana kwa dhati. Mvulana wa St. Patrick's mwenye mbio nzuri lakini matokeo mabaya ya mtihani hakuwa na pa kwenda. Mwenzake mwenye mbio zilezile na cheti cha kuridhisha alipata tiketi ya ndege na miaka minne ya chuo. Kwa wazazi waliouza ng'ombe kulipa karo, hoja hiyo ilieleweka upesi kuliko medali. Wavulana walikimbia ili wasome, na walisoma ili waendelee kukimbia.

Ibrahim Hussein ni mfano wa mapema wa njia hiyo. Alitoka Iten akaenda Chuo Kikuu cha New Mexico, akasomea uchumi. Alishinda marathoni ya Honolulu mara tatu mfululizo, kuanzia 1985, na mwezi Novemba 1987 akawa Mwafrika wa kwanza kushinda marathoni ya New York. Miezi mitano baadaye, Aprili 1988, alisimama mstarini Boston. Mbio hizo zingali zikikumbukwa Afrika Mashariki yote, maana waliobaki mbele mwishoni walikuwa Hussein na Mtanzania Juma Ikangaa, mwanajeshi aliyezoea kuvuta kasi tangu mwanzo na kuwachosha wengine. Hussein alimfuata, akamwacha aongoze, kisha akamshinda mwishoni kabisa. Alimaliza kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 43. Ikangaa alimaliza sekunde moja nyuma yake. Hakuna Mwafrika aliyekuwa ameshinda Boston kabla ya siku hiyo. Hussein aliirudia kazi hiyo mwaka 1991 na 1992, na baada ya kuacha mbio alikuja kuongoza kituo cha Nairobi cha shirikisho la riadha la dunia, kinachofundisha wakufunzi wa kanda. Ikangaa naye alilipata lake New York mwaka 1989.

Mwaka huohuo wa 1988, katika Olimpiki ya Seoul, zamu ilikuwa ya Peter Rono. Alikuwa Mnandi mwenye umri wa miaka 21, mwanafunzi wa Mount St. Mary's, chuo cha Kikatoliki katika milima ya Maryland, nchini Marekani. Fainali ya mita 1,500 ilikuwa na majina makubwa kuliko lake: Steve Cram, bingwa wa dunia wa 1983, na Peter Elliott, wote wa Uingereza, na Jens-Peter Herold wa Ujerumani Mashariki. Said Aouita wa Morocco alikuwa amejitoa kwa kuumia. Mbio zilianza polepole, kila mmoja akimchunga mwenzake. Zikiwa zimebaki mita 800 hivi, Rono akashika uongozi na hakuuachia tena. Wengi walidhani kijana amekosea hesabu na atapitwa katika mkondo wa mwisho. Hakupitwa. Elliott alipata fedha, Herold shaba, Cram wa nne. Hadi siku hiyo hakuwa amewahi kuwapo bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 mwenye umri mdogo kuliko wake. Rono hakushinda taji lingine kubwa maishani mwake, lakini fainali ile inatosha kumweka katika historia. Kenya ilirudi nyumbani na dhahabu nne za riadha. Michezo iliyotangulia, ya Los Angeles mwaka 1984, ilikuwa imeipa moja tu.

Orodha iliendelea. Matthew Birir alishinda mita 3,000 za kuruka viunzi na maji katika Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992, siku ambayo Wakenya walichukua nafasi zote tatu za kwanza, Patrick Sang akiwa wa pili na William Mutwol wa tatu. Kabla yake walikuwapo mapacha Charles na Kipkoech Cheruiyot. Charles alimaliza wa sita katika mita 5,000 huko Los Angeles akiwa bado chipukizi. Baadaye alikuja Japheth Kimutai, bingwa wa mita 800 wa Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Kuala Lumpur mwaka 1998.

Mkubwa wao wote ni Wilson Kipketer. Alizaliwa Kapchemoiywo, Nandi, na aliyemwelekeza St. Patrick's ni Mike Boit, mshindi wa shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972. Mwaka 1990 Kipketer alikwenda Denmark kusomea uhandisi wa umeme katika mpango wa kubadilishana wanafunzi, akapenda huko, akabaki. Aliiwakilisha Denmark alipotwaa ubingwa wa dunia wa mita 800 mwaka 1995, 1997 na 1999. Olimpiki ya Atlanta ya mwaka 1996 ilimkosa kwa sababu uraia wake mpya ulikuwa haujakamilika, na huo ni mmoja wa mikasa mikubwa ya riadha ya miaka ile, kwani wakati huo hapakuwa na mtu wa kumkaribia. Hasira yake aliimaliza mwaka uliofuata. Mwezi Julai 1997 alifikia rekodi ya dunia ya Sebastian Coe, dakika 1 na sekunde 41.73, iliyokuwa imedumu tangu 1981. Mwezi Agosti aliivunja mara mbili, kwanza Zürich, kisha Köln, alikoishusha hadi dakika 1 na sekunde 41.11. Dhahabu ya Olimpiki haikumjia kamwe: alipata fedha Sydney mwaka 2000 na shaba Athens mwaka 2004.

Kuondoka kwa Kipketer kuliacha swali ambalo Kenya imeendelea kujiuliza. Shule ilimlea, mlima ulimpa pumzi, nchi nyingine ikapigiwa wimbo wake. Wapo waliomlaumu. Lakini kumlaumu kijana kwa kwenda palipo na chuo, maabara na kazi ni kumwonea. Elimu ya St. Patrick's ilikusudiwa tangu mwanzo kumfungulia mvulana milango, na mlango ukishafunguliwa haumwagizi mtu aende upande gani.

Ndani ya uwanja wa shule kumbukumbu za watu hawa hazikuwekwa katika jumba la makumbusho. Zilipandwa. Ni desturi kwamba mwanafunzi wa zamani aliyeshinda medali kubwa au kuweka rekodi ya dunia hurudi na kupanda mti, na kando yake huwekwa kibao chenye jina lake. Mvulana wa kidato cha kwanza anayepeleka ndoo ya maji bwenini hupita chini ya majina hayo kila siku. Desturi hii ilifanya kazi ambayo hotuba haziwezi kuifanya. Bingwa wa Olimpiki hakuwa picha ya gazetini. Alikuwa mtu aliyelala kwenye bweni lilelile, akala maharagwe yaleyale, na aliyerudi wakati wa likizo akakimbia na wadogo zake kwenye barabara ileile. Mbele ya mfano wa namna hiyo kijana haogopi jina la Cram.

Bruda Colm aliongoza shule akiwa mwalimu mkuu kuanzia katikati ya miaka ya 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kipindi hicho kilikuwa kigumu kwa elimu ya Kenya. Mfumo wa 8-4-4 ulianza mwaka 1985, ukafuta vidato vya tano na sita na kuongeza masomo ya ufundi na kilimo. Mtihani wa kwanza wa kidato cha nne chini ya mfumo huo, KCSE, ulifanyika mwaka 1989. Masomo yalikuwa mengi, vifaa vilikuwa haba, na saa za michezo zilianza kupunjwa katika shule nyingi. Zaidi ya hayo, kufutwa kwa vidato vya juu kuliiondolea shule wanafunzi wake wa umri wa miaka 18 na 19, umri ambao mkimbiaji chipukizi huanza kukomaa. Pigo hilo halizungumzwi sana, lakini katika shule iliyojengwa juu ya subira lilikuwa zito.

Jibu lake lilikuwa kambi za likizo. Mwaka 1989 Bruda Colm alianza kuwakusanya vijana Iten shule zilipofungwa, na safari hii si wavulana wa St. Patrick's peke yao. Waliitwa wanafunzi wa shule nyingine, na waliitwa wasichana. Hili lilikuwa jambo jipya. Msichana mwenye kipaji wakati huo mara nyingi aliachia mbio darasa la nane au alipoolewa, na shule za bweni za wasichana zilizotilia maanani riadha, kama Singore iliyo jirani, zilikuwa chache. Kambi ilimpa mahali pa kulala, chakula, wenzake na mkufunzi kwa wiki tatu au nne bila kumtoa masomoni. Janeth Jepkosgei, bingwa wa dunia wa mita 800 mwaka 2007 huko Osaka, ni mmoja wa wanawake waliofundishwa na Bruda huyo.

Mfumo wa kambi uliigwa haraka, na kwa kiasi fulani mafanikio hayo ndiyo yaliyoinyang'anya shule nafasi yake ya pekee. Katika miaka ya 1990 mawakala wa riadha kutoka Ulaya na kampuni za viatu walifungua kambi zao pande zote za Bonde la Ufa. Mbio za barabarani zilianza kulipa fedha nyingi, na kijana wa miaka 17 aliweza kupata kwa asubuhi moja mapato ambayo baba yake hakuyapata kwa mwaka. Ufadhili wa chuo haukuwa tena kivutio pekee. Wengine waliacha shule kabla ya mtihani. Kituo cha mazoezi alichofungua mwanariadha Lornah Kiplagat mjini Iten kilianza kuwapokea wakimbiaji wa mataifa mengine. Mo Farah wa Uingereza ni mmoja wa waliokuja Iten kutafuta kimo na wenzake wa kukimbia nao. Barabarani, kwenye lango la mji, likawekwa tao la kuwakaribisha wageni katika makazi ya mabingwa. Mji ukawa maarufu kuliko shule iliyoufanya ujulikane.

Sura ya mwisho kubwa ya hadithi hii haikuandikwa na mwanafunzi wa St. Patrick's, ingawa iliandikwa chini ya miti yake. David Rudisha, Mmaasai kutoka Kilgoris, alikuwa mtoto wa Daniel Rudisha, mshindi wa fedha ya mbio za kupokezana vijiti za mita 400 mara nne huko Mexico mwaka 1968. Alisoma Kimuron, shule nyingine ya eneo la Iten, na Bruda Colm ndiye aliyemshawishi ajaribu mita 800. Tarehe 22 Agosti 2010 mjini Berlin, Rudisha alikimbia kwa dakika 1 na sekunde 41.09 na kuivunja rekodi ya Kipketer kwa sehemu mbili za mia za sekunde, baada ya miaka 13. Wiki moja baadaye akaishusha tena Rieti, Italia. Katika fainali ya Olimpiki ya London, tarehe 9 Agosti 2012, alikimbia mbele tangu mlio wa bastola hadi mwisho bila mtu wa kumvutia kasi, akamaliza kwa dakika 1 na sekunde 40.91. Hakuna mwanamume mwingine aliyekuwa ameshuka chini ya 1:41. Rekodi ya dunia ya mita 800 ilikuwa imetoka kwa mkimbiaji aliyepitia mikononi mwa mwalimu mmoja wa jiografia na kwenda kwa mkimbiaji mwingine wa mwalimu yuleyule.

Idadi ya mabruda wa Ireland ilipungua kadiri miaka ilivyopita, kama ilivyotokea katika mashirika mengi ya kitawa ya Ulaya, na uongozi wa shule na ufundishaji ukawa mikononi mwa Wakenya. Wanafunzi walio wengi hawakuwahi kuvunja rekodi yoyote. Walifanya mtihani, wakarudi kuwa walimu, wakulima, wauguzi na watumishi wa serikali, na hao pia ni matunda ya kazi iliyoanzishwa na mabruda. Kasoro ni kwamba historia yao haijaandikwa kwa bidii kama ile ya wakimbiaji, na yeyote atakayeiandika shule hii kwa ukamilifu itambidi aanzie kwenye rejista za madarasa kabla ya kufika kwenye orodha za medali.

Baada ya kustaafu ualimu Bruda Colm hakurudi Ireland. Aliendelea kuishi ndani ya uwanja wa shule na kufundisha vijana mbio wakati wa likizo, na St. Patrick's imebaki kuwa shule ya bweni ya wavulana chini ya udhamini wa Kanisa Katoliki.